Kozi Yetu, Nusu Butembo na Nusu Beni

Siku niliyorudisha funguo mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, inatembea vizuri, mais, yaani lakini, nimejiuliza: mtu afanye kazi miaka yote akikisia saa kwa jua la dirishani, halafu siku anayokwenda kukaa nyumbani ndipo apewe saa? Haya. Mliniomba pia niandike namna sisi wa zamani tulivyojifunza kazi hii, kwa sababu ninyi mna semina, mna masomo kwenye kompyuta, mna vyeti vya rangi. Mmoja wenu aliniuliza, bila ubaya wowote: "Mama Katungu, ninyi mulikuwaka na formation gani?" Formation, yaani mafunzo, tulikuwa nayo, mwanangu. Ila ilikuwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa Beni.

Nitaandika "maktaba" kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema, ingawa hapa Butembo sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo, sote tunasema bibliothèque. Na watu wakizungumza nitawaacha waseme kama walivyosema. Nisiwavalishe koti lisilo lao.

Niliingia kazini nikitoka ualimu wa shule ya msingi, nimevaa viatu vilivyonibana, nikiamini kwamba kazi ya maktaba ni kunyamaza na kupangusa vumbi. Maktaba ya mji ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye baridi ya asubuhi hata saa sita. Aliyeishika peke yake alikuwa Mzee Mumbere, mtu mfupi, Mkatoliki wa kufunga na kufungua, ambaye alipojua mimi ni Mprotestanti alisema basi angalau nitajua kuimba.

"Wabukire, Papa," nikamsalimia.

"Eh, wabukire. Keti pale." Akanionyesha kigoda karibu na mlango, akanipa daftari na kalamu.

"Nifanye nini?"

"Usikie. Mutu akiingia akiuliza kitu, andika maneno yake. Hapana andika kile wewe unafikiri anataka. Andika kile amesema."

Wiki mbili nzima sikugusa rafu. Niliandika maulizo tu, na kabla ya kufunga mlango Mzee Mumbere aliyasoma moja moja, akiuliza: "Huyu alikuwa anatafuta nini kwa kweli?" Niliona ananipotezea muda. Siku ya nane akaingia mama mchuuzi wa samaki kutoka Kyavinyonge, na kikapu chake mgongoni, akasema: "Niko natafuta kitabu ya wadudu." Mimi, mwalimu mzima, nikaandika "wadudu", nikamwonyesha kitabu kinene chenye picha za vipepeo. Mama wa watu akakishika, akakitazama kwa adabu, akaanza kutoka.

Mzee Mumbere akamrudisha. "Mama, hao badudu banakula nini?"

"Banakula samaki yangu ya kukauka! Nikifika hapa Butembo, nusu inakuwa unga."

Kumbe! Akamtolea kitabu cha kukausha na kutia samaki chumvi, akavuta kiti, akamsomea kwa Swahili kile kilichoandikwa kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, hadi mama akaridhika. Mwezi uliofuata alirudi na tilapia mkubwa kwenye majani ya ndizi, akamweka juu ya daftari la wasomaji. Ukurasa ule ulinuka samaki hadi mwisho wa mwaka.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: wembe, uzi mzito, kitambaa cha mashati ya zamani, na gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe kwenye kikopo. Mende walipenda gundi ile kupita wasomaji walivyopenda vitabu, kwa hiyo Mzee alitia pilipili ndani. Mende wakakoma. Mais ukifungua kitabu kilichoshonwa upya ulipiga chafya mara tatu, na tulijua kwa masikio tu nani anasoma nini. Nawapa siri hiyo bure, ninyi mnaonunua gundi ya chupa.

Kisha kozi ikafika. Ofisi moja ya mji mkuu, ambayo sitaitaja kwa sababu waliosaini barua pengine wamekufa na familia zao ni watu wema, iliandaa masomo kumi kwa watumishi wa maktaba za watu wote. Somo kwa somo, vijitabu vya kuchapwa kwa mashine. Ukimaliza kumi unafanya mtihani, unapata brevet, cheti chake. Tatizo ni kwamba sehemu zetu zilipewa nakala moja. Mtu fulani, akiwa ameketi mbali huko, aliona Butembo na Beni ziko karibu kwenye ramani, akaamua: Butembo ipate somo la kwanza, la tatu, la tano, la saba na la tisa; Beni ipate la pili, la nne, la sita, la nane na la kumi; halafu tubadilishane kwa gari. Ndiyo, jamani. Tulisoma barua ile mara mbili, Mzee Mumbere akacheka hadi akavua miwani.

Na si hayo tu. Aliyekata kozi ile aliikata kwa kuhesabu kurasa, kama mtu anayekata kitenge bila kuangalia maua. Masomo mengine yalianza katikati ya sentensi. Somo langu la tano lilianza hivi, nalifasiri kutoka Kifaransa: "lakini tutafute pamoja." Nukta. Herufi ya kwanza ndogo kabisa. Kisha mstari mpya ukaingia moja kwa moja katika mambo ya namba za vitabu na namna ya kubandika lebo.

Tutafute pamoja nini? Nani na nani? Nilishikwa na neno lile kuliko nilivyoshikwa na kozi nzima. Mzee Mumbere alisema ni funguo zilizopotea. Mimi nilifikiri ni vitabu visivyorudishwa. Shemasi wa kanisa langu, nilipomwonyesha, alisema linafanana na sala, akataka kulihubiri. Nikasema ngoja kwanza tupate somo la nne, tusije tukahubiri habari za funguo.

Kabla hatujabadilishana hata somo moja, vita ikafika. Ya kwanza ilipita kwetu, ya pili ikakaa. Posta ikafungwa. Mzee Mumbere, miguu ikimuuma, akasema anarudi kwenye mashamba yake ya Alimbongo akalime viazi, kwa sababu viazi havina serikali. Asubuhi ya kuondoka alinipa wembe wake na kikopo cha gundi. "Nilikufundisha yote nilijua," akasema. "Imebaki moja tu. Musomaji akikuuliza, hapana mudanganya. Hata kama jibu ni mubaya. Siku utamudanganya moja, bitabu yote inakuwa ya uongo." Nililia njiani, nasema wazi, na nikakasirika pia, kwa kuwa aliniachia maktaba nzima na nusu ya kozi.

Ndipo barua ya Kasereka ikaja, mikononi mwa dereva wa camion, lori la maharage. Kasereka alikuwa mwenzangu wa Beni. Maktaba yake ilikuwa depo ya zamani ya kahawa, na yeye, kama mimi, alibaki peke yake. Aliandika: "Dada wa namba 1, 3, 5, 7 na 9, mimi ni kaka wa 2, 4, 6, 8 na 10. Tufanye nini?" Hatukuthubutu kupeleka vijitabu vyenyewe kwa camion, njia ilikuwa na vizuizi, na karatasi ya kuchapwa ilikuwa inavuta macho. Tukaanza kunakili kwa mkono, barua baada ya barua. Nilimwomba jambo moja kabla ya yote: aniandikie mwisho wa somo la nne. Akajibu: "Hapana. Nikikupa ile, utaniacha. Utaisikia siku utafika Beni." Mjeuri! Sijawahi kumwona uso, na tayari alinichezea.

Barua zikawa zinapotea. Tukahamia phonie. Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi: phonie ilikuwa redio ya kuzungumza na miji mingine, katika kibanda cha biashara, na ulizungumza mbele ya foleni yote. Huyu anatangaza msiba, huyu anauliza bei ya maharage, kisha mimi nakaa na kijitabu changu: "Beni, Beni, somo la tano, ukurasa wa pili, andika. À vous." À vous maana yake zamu yako. Kasereka anasema: "Nimeandika. À vous." Watu wa foleni walinung'unika mwanzoni, halafu wakaanza kusikiliza. Mama mmoja akaniuliza: "Ile 636 njo kuku?" Nikamwambia ndiyo, ni mifugo yote, kuku wakiwemo. Naweza kusema foleni ile ilipata formation kuliko watumishi wengi wa serikali.

Mnajua namba zetu: 226 ni Injili, 616 ni magonjwa, 636 ni mifugo, 355 ni mambo ya jeshi. Mnazijua kwa kuwa mmezikuta kwenye migongo ya vitabu. Nami nilizijua hivyo hivyo, na ndiyo sababu sikuzisikia zilivyosikika kwa mtu mwingine. Mwalimu mmoja wa Beni alitaka habari za askari wa kale wa wakati wa wakoloni. Kasereka hakuwa na kitu. Mimi nilikuwa na vitabu viwili. Basi nikasimama kwenye phonie, mchana kweupe, katikati ya vita, nikasema kwa sauti ya mwalimu anayeita darasa: "355 ziko mbili. Nitazituma ndani ya gunia ya maharage. Uziweke kwa 226, ulisema kuna nafasi. À vous."

Na Kasereka akajibu: "Vizuri sana. 355 zikifika, batu banazingojea. À vous."

Someni tena kauli hizo mbili. Leo nikizisoma naona mwenyewe nilistahili kupigwa kofi. Siku ile niliona tu kwamba nimemsaidia msomaji, nikaenda nyumbani kupika.

Siku tatu baadaye mwenye phonie alikuja mwenyewe maktabani, kofia mkononi. Hakuketi.

"Mama Katungu, banamukamata Kasereka. Banasema anapokea silaha. Banasema weye njo unatuma."

Mvua ilikuwa imezuia camion, na vitabu viwili vya 355 vilikuwa bado mezani kwangu, vimefungwa kwa kamba. Nilifikiri kukimbilia Alimbongo kwa Mzee Mumbere, nalisema bila aibu, nilifikiri hivyo kwa muda wote wa kufunga madirisha. Mais mtu yule alikuwa ndani kwa sababu ya somo langu na sauti yangu. Nikikimbia, nitakuwa nimewaambia kwamba ni kweli. Nikachukua vitabu viwili, vijitabu vyangu vitano vya kozi, na droo moja ya fiche, zile kadi ngumu tunazoandikia kila kitabu na namba yake. Asubuhi iliyofuata nikapanda juu ya magunia ya camion, droo mapajani. Askari wa vizuizi walipoifungua na kuona kadi tu, walinionea huruma.

Beni kulikuwa na joto, watu wanatembea haraka. Nilikwenda mwenyewe hadi kwenye bureau, ofisi ya jeshi lililotawala wakati ule, na kusema jina langu. Mlinzi akanisukuma ndani: "Yaka awa!" Njoo hapa, kwa Lingala, na si kwa upole.

Commandant alikuwa mtu wa mbali, si wa kwetu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliketi kwenye kiti pekee cha chumba kile. Mimi nilisimama. Mbele yake kulikuwa na daftari ambamo mtu wao alikuwa akiandika mazungumzo yote ya phonie. Akasoma sentensi zangu polepole. Kila neno lilikuwa sawasawa, hawakukosea hata moja; nikafikiri, mwandishi huyu angetufaa sana maktabani.

"Unasema nini juu ya hii?"

"Ni namba za bitabu, mon commandant."

"Bitabu." Akageuza kurasa. "636 ni nini?"

"Mifugo. Kuku, mbuzi, ng'ombe."

Akatafuta kwenye droo yangu, kidole kikipita juu ya fiche, akaikuta: ufugaji wa kuku. Akajaribu nyingine, 616. Magonjwa. Akaitafuta, akaikuta, akaishika muda mrefu kidogo kuliko ile ya kuku. Kisha akaweka zote chini.

"Na 355?"

Ningeweza kusema muziki. Ningeweza kusema ndizi. Fiche yake haikuwa katika droo ile, angethibitisha vipi? Nikamkumbuka Mzee Mumbere na kikopo chake, na nikakasirika naye tena.

"Mambo ya jeshi," nikasema.

Askari wa mlangoni akasogea. Commandant akainua mkono, akamzuia. Nikafungua mfuko, nikatoa vitabu viwili, nikaviweka mezani. Kimoja kilikuwa historia ya askari wa zamani. Cha pili kilifundisha askari kukunja blanketi, kusafisha buti, na kutochukua mali ya raia bila kulipa. Ukurasa ule wa mali ya raia aliusoma mara mbili.

"Munaweza kuandika fiche jana," akasema hatimaye. "Munaweza kununua bitabu. Adui pia anajua kusoma. Weye na huyu Kasereka munajuana tangu lini?"

"Miaka miwili, mon commandant."

Akatoa amri. Wakaletwa wanaume watatu kutoka nyuma ya nyumba, wamepauka, hawana mikanda wala kamba za viatu. "Kasereka njo nani?"

Ayi! Sikuwahi kumwona. Nilikuwa najua mwandiko wake, najua kikohozi chake kwenye phonie, mais uso wake sikuujua. Niliwatazama mmoja mmoja, nao wakanitazama, na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa kwa kuwa askari alisimama nyuma yao na fimbo. Commandant akatabasamu mara ya kwanza.

"Miaka mbili. Hapana jua uso."

"Mon commandant, mimi hapana jua uso yake. Minajua masomo yake. Uniruhusu nimuulize ulizo moja tu."

Aliegemea nyuma. Nadhani alikuwa na hamu ya kusikia kama mimi. "Uliza."

Nikawaambia wote watatu: "Somo ya ine inaisha namna gani?"

Yule wa mwisho, mwembamba, shati limechanika begani, alifumba macho. Nikaisikia ile sauti ya phonie, bila mngurumo wake, ikisema polepole kama mtu anayesomea wengine waandike:

"'Musomaji akikuuliza kitu haukijui, usione haya, usimudanganye, usimufukuze. Vuta kiti ya pili karibu na meza, umwambie: mimi hapana jua,'" na akanyamaza.

"Maliza," commandant akasema.

"Imeisha, mon commandant. Ni virgule, hapana nukta. Ukurasa inaishia pale."

Commandant akanitazama. Nilikuwa tayari nalia, machozi yakinidondokea kwenye kitenge, na hayakuwa ya woga. Miaka miwili nimeitafuta nusu ile ya sentensi. Nikatoa mfukoni vijitabu vyangu, ambavyo mikono ya Kasereka haikuwahi kuvigusa. "Fungua ya tano, mon commandant. Mustari ya kwanza."

Akafungua. Alisoma Kifaransa chake kwa shida, midomo ikitembea. Kisha akasoma kwa sauti, kwa Swahili: "'lakini tutafute pamoja.'"

Akarudia kutoka mwanzo, akiunganisha mwenyewe. Mimi hapana jua, lakini tutafute pamoja. Akawaamuru askari watoke na wale wengine wawili, akabaki na sisi. Alikaa akigongagonga ile fiche ya magonjwa kwenye meza. Alipofungua kinywa tena, sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Ile maladi ya kuanguka," akasema. "Mutu anatetemeka, povu kwa kinywa. Iko na namba?"

"Iko," nikasema. "Ni ndani ya 616."

"Ni mutoto wangu mwanamuke. Banasema ni bulozi. Mama yake anaogopa, anamupa sahani yake peke yake, kikombe yake peke yake. Ile kitu inaambukia?"

Nilikuwa na jibu tamu kinywani, lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angempa mwanajeshi anayeshika uhai wa rafiki yake. Sikulijua kama ni la kweli.

"Mimi hapana jua, mon commandant," nikasema.

Kasereka, ambaye kamba zake za viatu zilikuwa bado kwa askari, akamalizia: "Lakini tutafute pamoja."

Commandant akageuka kuelekea mlangoni, akamwita yule mlinzi aliyenisukuma. "Leta kiti," akasema. "Leta mbili."

Hatukukaa sana pale, kwa kuwa kitabu kilikuwa kwenye depo ya kahawa. Tulikwenda kwa miguu, commandant mbele, Kasereka akiburuta viatu. Vitabu vya Beni havikuwa na lebo hata moja, maana lebo ni somo la tano, na nilikuwa nimefika ukurasa wa pili tu. Mais Kasereka alivijua vyake kama mama anavyojua sufuria zake, akaenda moja kwa moja hadi kona. Tukaketi watatu. Yeye akasoma, mimi nikafasiri, commandant akafuata kwa kidole. Kitabu kilisema wazi: haiambukizi. Alitaka tuusome tena mstari ule, tukausoma. Alitaka kujua kama neno la Kifaransa halina maana nyingine, tukatafuta katika kamusi.

"Donc, basi," akasema, "anaweza kula sahani moja na benzake."

"Anaweza," Kasereka akasema. "Na daktari amuone, kuna dawa."

Akaomba kuondoka na kitabu. Kasereka, mtu aliyelala kwenye sakafu ya commandant huyo siku nne, akamwambia hapa kitabu hakitoki bila fiche. Nilitamani ardhi inimeze. Commandant akasaini. Kwa kuwa Beni haikuwa na fiche, alisaini moja ya kwangu, tupu, kutoka droo ya Butembo. Akaondoka na kitabu kwapani, hakutuaga, na hakuna aliyemfuata Kasereka tena.

Tulibaki tumekaa wawili. Hatimaye nikamwambia: "Kumbe weye ni mwembamba hivi."

"Na weye kumbe unalia," akasema.

Nilikaa Beni wiki moja, tukanakili kozi yote, yangu kwake na yake kwangu. Brevet haikuja kamwe, na ofisi ile ya mji mkuu haikujibu barua. Baadaye, njia zilipotulia kidogo, tulifundisha watumishi wa shule, wa parokia, wa makanisa hadi Mutwanga, kwa kozi ile na daftari la maulizo la Mzee Mumbere. Ninyi pia mliketi kwenye kigoda cha mlangoni wiki mbili, mkanung'unika, nimewasikia. Kasereka alitangulia mbele ya Mungu miaka michache iliyopita. Somo la nne alinitumia kwa mkono wa mwanawe, limefungwa kwa uzi mzito, na nikalifungua nikapiga chafya.

Sasa yangu mawili, kisha niwaache. Nimesikia mnataka kuondoa kiti cha pili upande wetu wa meza ili kompyuta mpya ipate nafasi. Itafutieni kompyuta mahali pengine.

La pili ni fiche moja mtakayoikuta nyuma kabisa ya droo ya 616, yenye saini ya commandant inayolala upande. Kitabu hakikurudi. Kila mwaka nilipohesabu vitabu nilifika kwenye fiche ile, na kila mwaka kulikuwa na safu mbili za kuchagua, kilichopotea na kilicho kwa msomaji. Nimekiandika kwa msomaji mwaka hata mwaka. Mwaka huu mtahesabu ninyi, nawaomba muandike vilevile, maana mtoto yule kwa sasa ni mama mtu mzima, na huenda kitabu bado kinasomwa.